Msimu Ambao Bonge Hakurudi

Jumatatu, 4 Machi

Nesi wa lishe aliniagiza niandike kila ninachotia mdomoni. Asubuhi: yai moja, nusu nikaliacha. Mchana: vijiko vitano vya supu ya samaki. Jioni: maziwa, kikombe kile cha mtoto. Haya, nimeandika. Ila ukurasa bado mweupe chini, na mimi sikusoma sana lakini karatasi nyeupe inaniuma roho. Basi naendelea.

Leo nimerudi kazini. Operesheni ilikuwa mwezi wa kwanza. Walinikata tumbo wakabakisha kipande chembamba kama ndizi, lile kubwa wakalitupa huko wanakotupa. Daktari alisema kisukari kinanila macho taratibu na magoti yamechoka kunibeba. Hayo nilimsikiliza. Lakini kilichonifanya nitie sahihi ni binti yangu. Ana miaka mitatu, tunamwita Chiriku maana hanyamazi. Alikuwa ameshajua kwamba akikimbia, mama hamfikii. Siku moja alikimbilia barabarani akigeuka kunicheka. Baba yake ndiye aliyemdaka. Naandika hapa ili siku nikijuta nisome.

Kazini ni dukani kwa Bibi Mkasi, tunashona nguo za kike. Jina hilo tulimpa sisi, akalipenda. Bibi Mkasi hapimi mtu kwa tepu. Anatanda kitambaa juu ya mwili ulio hai, anabana pini, anakata. Miili yake ni mitatu. Kifungo, binti anayetia vifungo, ndiye saizi ndogo. Yeye mwenyewe ni ya kati. Mimi ni Bonge. Wateja wa siku nyingi hawaji hata dukani, wanapiga simu tu: "Nikatie Bonge, urefu ongeza kidogo." Au: "Mimi nimempita Bonge mabegani." Kila gauni la mwanamke mnene mtaa huu limepita mgongoni kwangu kwanza.

Kifungo aliponiona akasema, "He! Bonge, wamekurudisha nusu. Nusu nyingine inakuja na gari gani?"

"Mwache," akasema Bibi Mkasi. "Operesheni si mchezo. Atakula, atarudi." Akanisimamisha juu ya stuli kama kawaida, akaanza kunitanda kitambaa.

Kwenye simu tuna kundi la sisi tuliokatwa, linaitwa Tumbo Dogo. Mkubwa wetu ni dereva wa lori, yeye alikatwa mwaka juzi. Sheria yake ni hii: kila jioni taja kitu kimoja ulichoweza leo, na kisiwe cha mzani.

Moja ya leo: nilikaa kwenye kiti chenye mikono, nikainuka, kiti kikabaki chini.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Vijiko sita vya supu. Moja ya leo: nimeinama nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe tunakaa naye. Ananipenda, na mapenzi yake yako kwenye sahani. Leo alijaza sahani mpaka chakula kikatoa kichwa.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hicho ulichokula hata paka angeuliza kingine kiko wapi."

"Tumbo halina nafasi, mama. Walilikata."

"Ningekuwepo ningekataa! Majirani watasema mimi ndiye nakunyima. Watasema kizee kile kina roho mbaya, kinakula peke yake."

Mume wangu akavuta sahani akala yeye. Amekuwa akila za kwangu tangu nitoke hospitali, sasa tumbo lake ndilo linaota. Nikamwambia, "Baba Chiriku, wewe ndiye utakayefuata kwa daktari." Tukacheka wote isipokuwa mama.

Moja ya leo: niliacha sahani imejaa na sikuomba msamaha.

Alhamisi, 14 Machi

Mteja mmoja amerudisha gauni. Linambana kifuani. Bibi Mkasi akalishika, akalinusa, akasema kitambaa kimerudi. Eti vitambaa vya siku hizi ukivionyesha wingu tu vinasinyaa. Mteja akakubali.

Moja ya leo: nimepanda ngazi za dukani nikiongea.

Ijumaa, 22 Machi

Magauni matatu zaidi yamerudishwa, yote Bonge. Bibi Mkasi kakasirika, katukana viwanda vyote vinavyofuma nguo. Kaamuru kila kitambaa kilowekwe kabla ya kukatwa ili kirudi kabisa, kimalize kurudi kwake. Mvua nayo haikatiki. Vitambaa vimeanikwa ndani ya duka kutoka dirisha hadi mlango, tunapita tumeinama kama wezi. Vinanuka. Kifungo anasema bado kidogo tutavua samaki humu ndani.

Na mimi hapo hapo nimesimama juu ya stuli, nabanwa pini, natikisa kichwa nikisema kweli, vitambaa siku hizi vimekuwa vibaya.

Jumatatu, 25 Machi

Nywele zinang'oka. Nikichana zinakuja na kitana. Nesi wa lishe amesema ni kawaida, zitaota, nile protini kwanza kabla ya kitu kingine chochote na nisiruke vidonge. Nimefunga kilemba. Moja ya leo: kilemba chenyewe kimenipendeza.

Jumanne, 2 Aprili

Mzani umesimama. Wiki ya tatu sasa haujasogea. Nala vijiko vyangu, natembea dukani na kurudi kwa miguu hata kwenye matope, lakini mshale umelala pale pale. Kuna nini? Au ndiyo mwisho wangu? Ngozi ya mikono inaning'inia, nikimpungia mtu mkono inaendelea kupunga nikishaacha.

Nimewauliza Tumbo Dogo. Dereva akajibu kwa ujumbe wa sauti, lori likinguruma nyuma yake: "Dada, mzani kusimama siyo gari kuharibika. Gari lipo kwenye foleni. Usishuke ukaanza kulisukuma." Akaongeza kwamba yeye mwaka jana alirudisha kilo kadhaa kwa soda za njiani, akaona aibu kutuambia, na leo ndiyo anatuambia.

Moja ya leo: nimempungia mkono mwenye genge. Mkono mzima mzima, na ngozi yake.

Ijumaa, 5 Aprili

Jirani wa upande wa kulia kanisimamisha bombani. Kasema kwa sauti ya chini ambayo bomba zima limesikia, "Mwenzangu, umepima? Siku hizi dawa zipo, mtu hafi." Nikamwambia nimepima, nimepimwa mpaka ndani ya tumbo. Akaniangalia kwa huruma ile inayouma kuliko tusi.

Moja ya leo: nilijaza ndoo zangu mbili, nikazibeba mbele yake.

Jumatano, 10 Aprili

Leo nitaandika sana.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani anastaafu mwisho wa mwezi huu. Amekuwa mteja wetu tangu mimi sijaajiriwa. Yeye huagiza kwa simu, "Bonge kamili, kama kawaida," na safari hii alitaka gauni la kijani la kupigia picha na walimu, na jingine la sherehe yenyewe. La kijani tulimpelekea wiki iliyopita. Leo kaja dukani kwenye mvua, amevaa koti refu la mumewe limefungwa mpaka shingoni.

Akafungua koti. Gauni lilikuwa limepasuka ubavuni kuanzia kwapani hadi kiunoni.

"Fundi," akasema polepole, kama anaita majina darasani, "miaka yote sijawahi kukulalamikia. Jana mpiga picha kasema inueni mikono mshangilie. Nikainua. Nimepasuka mbele ya walimu wa hesabu."

"Kitambaa kimerudi, mwalimu," akasema Bibi Mkasi.

"Kimerudi wapi? Mlikiloweka nyie wenyewe wiki nzima, msichana wako kaniambia. Na mimi sijanenepa. Mzani ninao nyumbani."

Maji yanachuruzika kwenye paa. Ndipo Kifungo akaenda kwenye fimbo ya nguo ambazo wenyewe hawajazifuata, akatoa gauni lililokatwa kabla ya mimi kwenda hospitali. Bonge kamili. Akanivisha juu ya nguo zangu. Likashuka kutoka mabegani mpaka sakafuni bila kugusa popote, nikabaki nimesimama katikati yake kama mtu ndani ya beseni.

Kifungo akacheka mpaka akakaa chini. "Mama wee! Kumbe kitambaa hakina kosa! Bonge ndiye kaondoka!"

Mwalimu mkuu naye akacheka, ameshika ubavu wake uliopasuka. Mimi pia. Bibi Mkasi hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa, na mwizi yuko mbele yake anaonyesha meno.

"Si ulisema operesheni?"

"Ndiyo, mama. Ya kupunguza tumbo. Nilikwambia."

"Uliniambia operesheni. Hukuniambia hurudi."

"Sirudi."

Lilinitoka lenyewe.

"Nusu ya mtaa huu inavaa mgongo wako," akasema, "nawe umeondoka nao bila hata kuniaga."

Mwalimu mkuu akaahidiwa gauni jipya la sherehe, bure, kamili. Akafunga koti akaondoka. Bibi Mkasi hakusema nami tena mpaka jioni. Nilidhani atanipongeza. Huyu ndiye aliyenifundisha kushona kola, ndiye aliyeniletea maziwa Chiriku alipozaliwa. Sikujua kwamba alikuwa ananingoja.

Moja ya leo: gauni la Bonge limenianguka. Nimeituma na vicheko vingi. Sijasema mengine.

Ijumaa, 12 Aprili

Ya leo sitaki kuyaandika, lakini nitaandika.

Asubuhi nilimkuta Bibi Mkasi amechangamka. Amenunua godoro la sponji. "Nimepata dawa," akasema. Kifungo akapewa mkasi mkubwa, wakalikata vipande vipande, wakanisimamisha juu ya stuli na kuanza kunifunga. Sponji tumboni, sponji mapajani, sponji mgongoni, kote wakazungusha vitambaa vya shuka wakakaza.

"Ongeza makalio."

"Hivi?"

"Bado. Na hapo ubavuni alikuwa na mikunjo miwili, wa chini mkubwa kuliko wa juu. Mkono wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto."

Anaukumbuka mwili wangu kuliko mimi. Mikono yake ilikuwa inapapasa sponji kama mtu anayemsalimia ndugu yake. Kifungo mwanzo alikuwa anacheka, baadaye akaacha, akawa anafunga bila kuniangalia usoni.

Joto. Siwezi kukaa. Siwezi kushusha mikono. Jasho linatiririka ndani kwa ndani, na kile kiuchovu cha zamani, nilichokisahau, kikanipanda kutoka magotini. Nikageuka kwenye kioo.

Nilimwona. Bonge mwenyewe kasimama pale. Sikumchukia, na hilo naliandika ili lijulikane. Ndiye aliyembeba Chiriku miezi tisa, ndiye aliyecheka kwanza kila alipotaniwa ili wenzake wasipate raha ya kuanza. Nilitaka kumwambia pole, pumzika. Lakini walikuwa wanambana pini.

Ndipo mume wangu akaingia na Chiriku mgongoni. Mama mkwe alikuwa amekwenda kliniki kwa ajili ya presha na yeye alikuwa amepata kazi ya kupaka rangi ndani ya nyumba ya mtu, kwa hiyo akamleta kwangu. Chiriku akashuka, akaniona, akapiga kelele:

"Mama laini amerudi!"

Akanikimbilia, akakumbatia sponji, akaweka shavu lake hapo tumboni akafumba macho. Mwanangu. Mwezi wa tatu huu nikimbeba huwa anahangaika, anatafuta pa kuweka kichwa, nami nilikuwa nadhani amekua tu.

Bibi Mkasi akasema, "Unaona? Hata mtoto."

Nyumbani nilichukua kopo la biskuti za Chiriku. Nesi alishatuonya, vitu laini na vitamu havijazi tumbo, vinapita tu, na ndivyo watu wanavyorudi walikotoka. Nilijua. Nilikula moja nikiwa nimesimama, nikakaa nikala nyingine, nikaendelea mpaka nikaona chini ya kopo. Haikuchukua muda. Moyo ukaanza kukimbia, jasho baridi, chumba kikazunguka. Nililala kwenye sakafu ya bafu, shavu kwenye saruji, nikisikia mvua upande wa pili wa ukuta.

Kwenye kundi nikaandika: Moja ya leo: hakuna.

Dereva akajibu. Safari hii lori lilikuwa limezimwa. "Dada. Umeandika 'hakuna' ukaituma. Mimi yangu niliificha mwaka mzima. Hiyo ndiyo moja yako, na inaipita ya kwangu. Kunywa maji kidogo kidogo. Kesho utajua la kufanya."

Jumamosi, 13 Aprili

Nilijua la kufanya.

Bibi Mkasi alikuwa ameshazipanga sponji kwenye meza. Nikasimama mlangoni, mwavuli bado unadondosha maji.

"Sivai tena, mama."

"Nini?"

"Sponji. Sivai. Nitashona, nitapiga pasi, nitafagia. Lakini huyo simvai."

"Ni sponji tu, binti! Zinakuuma?"

"Zinaniuma."

"Wewe huna shukrani. Nimekulisha kwa mwili ule."

"Nililishwa kwa kazi. Mwili ulikuwa wangu."

Sijui nilipata wapi mdomo huo. Mimi nisiyejua kumrudishia mkubwa hata senti ya neno. Akaniambia basi nikae nyumbani mpaka akili inirudie. Nikamwambia kwaheri, nikaondoka. Nilimsikia Kifungo akisema, "Lo!"

Mume wangu hakufurahi. Ni fundi wa kupaka rangi, na masika hakuna anayepaka nje, madebe yake yamelala chini ya kitanda. Ile kazi ya ndani ilikuwa ya siku moja. "Ungevaa tu, mama Chiriku. Saa mbili tatu, unavua, maisha yanaendelea. Mimi mbona navaa ovaroli?"

"Ovaroli yako ingekuwa inataka urudi kulewa kama ulivyokuwa kabla hatujaoana, ungeivaa?"

Akaenda kukaa kwa madebe yake.

Moja ya leo: nimekataa.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Nimekaa nyumbani. Supu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Tumbo halidai kitu lakini mdomo unataka. Nimefua mapazia badala ya kula. Hayatakauka mpaka mwaka kesho.

Jumatano, 17 Aprili

Chiriku leo alikuwa anatafuta tena pa kuweka kichwa. Nikamwambia, "Njoo hapa," nikamweka kwenye shimo la bega. "Hapa ni pako sasa." Akajaribu. Akasema, "Pana mfupa." Nikasema ndiyo, ni wa mama, ulikuwa umejificha. Akaugonga kwa kidole kama anapiga hodi. Akalala hapo hapo.

Moja ya leo: hiyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Ajabu ya leo ni mama mkwe.

Jirani wa kulia alikuja kuomba kiberiti. Kiberiti akapewa, hakuondoka. Akaanza: nimeacha kazi? Nimezidiwa? Kuna mtu anamfahamu anaombea watu kama mimi. Nilikuwa chumbani, nasikia yote.

Mama akasema, "Watu kama yeye ndio watu gani?"

"Si unajua, bibi, wanaokwisha."

"Nani anakwisha? Huyo anapunguza. Mwanangu ana kisukari, au alikuwa nacho, dawa moja wameshaiondoa. Anakula kwa kijiko cha mtoto na ananifulia mapazia mazima. Wewe unakula kwa bakuli na mume wako ndiye anayekufulia. Nani mgonjwa?"

Nikaziba mdomo kwa shuka nisicheke.

Jirani alipoondoka, mama akaja mlangoni na kibakuli kidogo, kile cha chumvi. Vipande vitatu vya samaki. "Si unasema protini kwanza," akasema. "Haya. Na sijazidisha, nimehesabu." Nilikuwa namwona kama ukuta. Kumbe alikuwa anataka tu apewe cha kuniandalia.

Jumamosi, 20 Aprili

Bibi Mkasi amekuja nyumbani.

Hajawahi kuja. Alivuka matope yote yale, viatu mkononi, mfuko wa plastiki kifuani. Mama mkwe akamkaribisha, akampa kiti chenye nafuu, akamchukua Chiriku wakaenda barazani. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitambaa cha mwalimu mkuu, cha rangi ya zambarau, hakijaguswa mkasi.

"Kimebaki hiki tu," akasema. "Nimemvisha Kifungo sponji. Anaonekana kama mto uliolaliwa vibaya. Nikikata kwa yule, mwalimu atapasuka tena."

"Mpime kwa tepu, mama. Mwite aje dukani, umzungushe tepu."

Akaangalia sakafu. Akachomoa tepu kutoka mfukoni mwa gauni, mpya, bado ina vumbi la duka alikoinunua, akanikabidhi.

"Hivi vijinamba sivijui," akasema. "Shule nilipita mbele yake tu, nikienda kuchota maji. Mikono yangu inajua watu, basi. Nikimtanda mtu kitambaa najua. Mwili wako niliujua kama mwingine anavyojua kusoma. Sasa umeondoka, mimi nitasoma nini?"

Nilimwona mzee. Siku zote nilimwona mkubwa, mkali, mwenye duka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini tepu haipo dukani kwa fundi wa nguo. Hasira niliyokuwa nimeitunza wiki nzima ikakosa pa kukaa. Lakini sikutaka huruma inifanye niseme ndiyo kwa kila kitu. Nikavuta pumzi.

"Mimi navijua vijinamba, mama. Nitapima mimi, nitakusomea, wewe utakata. Mteja atakuja mwenyewe asimame mwenyewe. Mtu mwingine kusimama kwa niaba yake tena, hapana."

"Na wanaopiga simu?"

"Watakuja."

"Wengine wanaona aibu kuja. Wanajificha nyuma ya jina lako, ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo, wanawake wazima wakisema "Bonge" kwenye simu ili wasiseme mimi.

"Basi nitawaendea nyumbani," nikasema. "Siku hizi natembea. Na jambo jingine. Jina langu dukani."

"Bonge? Si jina la mapenzi?"

"Lilikuwa. Naomba libaki huko."

Akafikiri. "Nitakosea mara nyingi."

"Nitakurekebisha mara nyingi."

Akacheka, kicheko cha kwanza tangu gauni la kijani lipasuke. Akauliza kama kuna chai. Nikamchemshia, yeye akanywa, mimi nikamsindikiza kwa mdomo mtupu, na hakuniambia kula.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimempima mwalimu mkuu nyumbani kwake. Nilipomzungushia tepu alivuta tumbo ndani, akashika pumzi.

"Achia, mwalimu."

"Namba itakuwa kubwa."

"Itakuwa yako. Ukishika pumzi sasa, utaishika sherehe nzima."

Akaachia. Kwa mara ya kwanza nikasikia mwalimu mkuu anapumua. Akaniuliza kama na yeye afanye operesheni. Nikamwambia hilo aulize daktari wake, mimi ninajua kisa changu tu, na kisa changu kina biskuti ndani yake, kina sakafu ya bafu. Akasema, "Asante kwa kuniambia na hayo."

Jumamosi, 27 Aprili

Sherehe imefanyika. Ameinua mikono, amecheza, ameinama kupokea zawadi. Gauni limetulia. Kifungo alikuwa amebeba sindano na uzi kwenye pochi kwa hofu, amezirudisha kama zilivyo.

Moja ya leo: nimecheza nyimbo nne bila kukaa. Dereva kajibu kwa honi ndefu.

Jumanne, 7 Mei

Nesi kanipandisha kwenye mzani. Umesogea, kidogo. Akashangaa kwamba sikupiga kelele. Nilimwambia nina wateja wawili wananingoja. Sukari imeshuka, dawa ya pili itatazamwa mwezi ujao. Kuna jioni mdomo bado unataka biskuti, nimemwambia na hilo.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Barabara imeanza kuwa ngumu na mume wangu ametoa madebe yake nje, anayakoroga kwa mti akipiga mluzi.

Leo tulifungua duka kwa ajili yangu peke yangu. Nimejishonea gauni. Jekundu. Tangu nianze kazi pale nimevaa yale yaliyobaki, yale yaliyokosewa, yale ambayo wateja hawakuyafuata. Hili kitambaa nimekichagua, vipimo nimevisoma mwenyewe mbele ya kioo, Kifungo akaandika, Bibi Mkasi akakata. Mkasi wake ukienda ni kama maji.

Nilipolijaribu likanishika vizuri, kwenye ngozi inayoning'inia na kila kitu. Kifungo akapiga mbinja. Bibi Mkasi akazunguka nyuma yangu, akapindua mshono wa ubavuni, akanionyesha. Ndani alikuwa ameacha kitambaa cha ziada, kipana, vidole vinne kila upande.

"Nimekuachia akiba," akasema. "Usije ukasema sikukufikiria. Mwili ni mwili. Ukirudi tutaifungua tu, huna haja ya gauni jingine."

Alisema kwa upendo. Nilijua ni kwa upendo. Fundi yeyote mzuri huacha akiba.

Nikalivua, nikaligeuza ndani nje juu ya meza.

"Mama, niazime mkasi."

"Wa nini?"

Akanipa. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikaacha kidole kimoja, cha kushikilia mshono, kilichobaki nikakikata, ubavu wa kulia wote, kisha wa kushoto. Vipande vyekundu vikaanguka sakafuni. Kifungo akashika kichwa.

"Wewe mtoto!" akasema Bibi Mkasi. "Na ukinenepa tena?"

"Nitashona jingine," nikasema. "Hili ni la leo."

Nikalivaa, nikaenda nalo nyumbani kwa miguu.